Chupa ya Kwenye Tanki Haifiki Kila Mahali

Kwa wenye magari wanaopita Kimumu, Eldoret, kila siku kwenye barabara ya Iten, gari likikosa nguvu tiba ni moja: mimina chupa ya dawa kwenye tanki, masizi yote ya injini yaishe. Imani hii ni nusu kweli, ndiyo maana inauza. Dawa yenyewe si maji ya mtoni. Kemikali kama polietheramini hubandua masizi yakaungua pamoja na petroli, na Marekani iliamuru tangu 1995 petroli yote itiwe dawa ya kusafisha. Lakini dawa iliyo ndani ya petroli husafiri na petroli. Isikopita petroli, nayo haifiki. Katika Probox, nozeli hunyunyizia petroli mgongoni mwa vali za hewa, kwa hiyo vali huoshwa safari nzima. Katika Golf ya TSI au Demio ya Skyactiv, nozeli imechomekwa ndani ya silinda. Vali hupitiwa na hewa pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka tumboni mwa injini, na mvuke huo hugandia shingoni mwa vali kama ukoko wa wali sufuriani. Mimina chupa kumi ukitaka: nozeli zitang'aa, ukoko utabaki pale pale.

Nitaulizwa, mbona fulani alimimina na gari likawa jepesi? Huenda nozeli zake ndizo zilizoziba, na hapo chupa ilistahili bei yake. Nitaambiwa pia kwamba petroli yetu ni chafu. Petroli ya kampuni mbalimbali huja Eldoret kwa bomba lilelile kutoka Mombasa. Tofauti kubwa ni dawa ambayo baadhi yao huongeza baadaye, na anayenunua petroli yenye dawa hiyo kisha akamimina chupa anatia sukari kwenye chai yenye sukari. Halafu kuna mwinuko, ambao wauza chupa hawautaji. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni hafifu kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini isiyosukumiwa hewa na tabo itachoka hapa hata ikiwa safi kama sahani ya harusi. Na zile vali za Golf zilizogandiwa na ukoko husafishwa kwa kufungua njia ya hewa na kuzipiga kwa chembe za maganda ya jozi, au kuzikwangua moja moja. Hiyo ni kazi ya saa kadhaa na bili yake inauma, wala haipangiki kwenye rafu ya kituo cha mafuta.