Dola 900 ya malata: tusome devi nzima, si jumla tu

Vijana wenzetu wa Manika na Dilala, mvua inakaribia kurudi na kila siku tunaulizwa: fundi gani njo wa bei nzuri ya kutoa malata ya zamani na kuweka mapya?

Mwezi uliopita tulisaidia muzee mumoja, mufanyakazi wa zamani wa Gécamines, kati ya wale walioacha kazi kwa mupango wa mwaka 2003. Nyumba yake ni ya wakati wa Union Minière. Malata imeliwa na kutu, mvua ikinyesha wanalala na sufuria kando ya kitanda.

Tuliita mafundi watatu. Wa kwanza: dola 900. Wa pili: 1 350. Wa tatu: 1 420. Familia yote ikasema wa kwanza, kwisha.

Sisi tukaomba karatasi zote tatu, tukaziweka kwa meza moja. Wa kwanza aliandika « malata 60 », basi. Namba hakuna, urefu hakuna. Tulipomubana, akasema ni BG 35. Wengine wawili waliandika BG 28, mita 3. Watu wengi wanafikiri namba kubwa njo malata nguvu. Ni kinyume: namba ikipanda, lata inakuwa nyembamba. Tena alitaka kupigilia malata mapya juu ya mbao za zamani, zenye muchwa umekwisha kula. Misumari, usafiri, kutupa malata ya zamani, hakuandika hata kimoja. Hizo zingekuja nyuma, nyumba ikiwa wazi na mawingu juu, na hapo hauna tena nguvu ya kubishana.

Tukamwambia ahesabu vitu vilevile kama wenzake. 900 ikapanda 1 300.

Wa tatu alitaka nusu ya pesa mbele. Wa pili alikubali familia inunue malata yenyewe, yeye alipwe kazi kidogokidogo. Wakachukua wa pili, na sisi tunaona walifanya vizuri. (Kama juu ya nyumba yenu ni eternit ya zamani, inaweza kuwa na amianti: musiache fundi aivunje kwa nyundo watoto wakiwa chini. Vumbi yake inaharibu mapafu.)

Kwa nini tunaleta maneno ya malata hapa? Sababu Kode ya mine ya 2018 inapatia miji na sekta zenye kuwa na mine 15% ya redevansi, na makampuni yanapaswa kutoa 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Pesa hiyo inaweza kuezeka shule. Lakini sisi raia tunaonyeshwa kibao chenye jumla tu, na siku ingine hata kibao hakuna. Tunaomba bakubwa wa muji na wa jimbo wabandike devi yenyewe kwa ukuta wa shule: namba ya malata, urefu, hesabu ya mbao, bei ya kazi. Ule muzee anaweza kuisoma bila kungojea mutaalamu kutoka Lubumbashi.