Nani Kapewa Ufunguo wa Taarab?

Kuna sentensi moja ambayo nimechoka kuisikia: "Ile si taarab." Hutamkwa barazani na arusini, tena na watu wazima wenye heshima zao, kila zinapopigwa nyimbo za mipasho ambazo wengine huziita rusha roho. Msemaji akishaitamka huegemea kiti kana kwamba kesi imekwisha. Mimi nasema haijakwisha, na leo nasimama upande wa mshtakiwa.

Shitaka la kwanza ni la ala. Ati taarab ni kanuni, udi na fidla, na kinanda cha umeme kimeiua. Haya, hiyo kanuni ilichongwa kwanza Makunduchi? Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze kuipiga. Jina lenyewe la taarab lina mizizi ya Kiarabu. Kodiani ilitoka Ulaya, na leo ikikosekana watu hulalamika kwamba taarab ya asili imepungukiwa. Kumbe basi "asili" ni kile kilichotia nanga kabla hatujazaliwa sisi!

Shitaka la pili ni la maneno: mipasho ina matusi na ugomvi wa wanawake. Wanaosema hivyo ndio hao hao wanaomtukuza Siti binti Saad, nami namtukuza pamoja nao. Lakini tumkumbuke alivyokuwa. Alikuwa binti wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Muziki ulioimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa yeye aliutia Kiswahili cha mitaani, na 1928 akaenda nao Bombay kuurekodi katika santuri. Hakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ya mwanamke na hukumu iliyowaangukia wasiostahili. Huo haukuwa upasho, tena wa kuipasha serikali? Baadaye vilabu vya wanawake vya Unguja vilishindana kwa mafumbo, klabu hii ikiichoma ile, na mji mzima ukijua nani kalengwa. Mipasho haikuanza jana. Ila imevua buibui.

Shitaka la tatu ni la kucheza. Zamani, wanasema, watu walikaa wakasikiliza. Siku hizi wanainuka wakakata viuno. Sawa. Lakini tangu lini furaha ya msikilizaji ikawa kosa la mwimbaji?

Sisemi kwamba kila wimbo wa mipasho ni mzuri. Nyingi ni hovyo: vina vimelazimishwa, fumbo halina cha kufumbua, kibwagizo kinarudiwa hadi kinachosha. Basi tuseme hivyo! Tuseme ubeti huu mbovu, na tueleze ubovu wake uko wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki. Kusema "si taarab" ni kukwepa kazi hiyo, maana anayeukana ukoo wa wimbo hahitaji tena kuusikiliza. Hivyo hivyo vijana wa Bongo Fleva walipoanza waliambiwa kwamba ule si muziki, ni uhuni.

Na anayeumia si jina, ni mtu. Ni yule mama anayeimba usiku kucha katika arusi za watu, akatunzwa noti, na asubuhi akaitwa mhuni na wale wale waliomtunza. Mwenzake wa zamani aliyefanya kazi ile ile ana picha ukutani. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliimba taarab na akapiga ngoma za unyago, wala hakuomba ruhusa ya kuvuka ua. Tulimzika kwa heshima zote. Ningependa wanaoimba leo tuwape heshima hiyo wangali wanaisikia.