Nani Kasema Yote Yamo Simuni?

Imezuka kauli vinywani mwa vijana wetu, na sasa hata baadhi ya wazee wameanza kuikariri, kwamba santuri, kanda na sidii zilizojaa makabatini hazina kazi tena, kwa kuwa kila wimbo duniani "umo simuni". Kauli hii ni batili, na ubatili wake unatugharimu.

Tulikwenda kuhani msiba katika nyumba moja ya mjini. Arubaini haijatimia, warithi walikuwa wamekwisha kugawana samani, saa ya ukutani na hata masufuria, ilhali masanduku matatu ya kanda za marehemu yamewekwa mlangoni yakimngoja mzoa taka. Tulipouliza tukajibiwa kwa adabu kabisa: "Hizo bure siku hizi, mashekhe wetu, zote ziko kwenye intaneti." Tukafungua sanduku la juu. Mlikuwa na harusi ya dada wa marehemu, iliyonaswa uani kwa redio kaseti, na mazoezi ya kikundi cha taarabu ambacho leo hakipo. Je, na hizo ziko kwenye intaneti? Nani alizipeleka?

Ndugu msomaji, hebu tuichambue hoja yao. Huduma hizi za kusikiliza, mfano wa Spotify iliyofunguliwa Kenya na Tanzania mnamo Februari 2021, hazimuuzii mtu wimbo, bali humpa ruhusa ya kuusikiliza maadamu huduma ipo na wimbo umo. Mwenye haki akigombana na mwenye huduma, wimbo huondoka na msikilizaji haulizwi. Mwaka 2022 Neil Young aliziondoa nyimbo zake huko kwa ugomvi uliohusu kipindi cha mtangazaji mwingine, zikarejea mwaka 2024. Huyo ni mtu mashuhuri, mwenye mawakili na santuri zilizotapakaa ulimwenguni. Ama MySpace, iliyokuwa ghala la wanamuziki wadogo wasio na kampuni nyuma yao, ilikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo zilizowekwa humo tangu 2003 hadi 2015 zilipotea katika kuhamisha mitambo. Wengi wa wale waliokuwa wamezifuta nakala zao nyumbani, wakitumaini ghala lile, walibaki mikono mitupu.

Tena hayo ni ya wenzetu. Yetu sisi hayakuingia hata katika ghala la kupotea. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, katika santuri zile nzito zinazovunjika kama sahani. Sauti yake inasikika leo kwa kuwa wako waliozitunza. Bendi zetu za dansi, enzi ambayo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri, zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na kazi nyingi zikabaki katika kanda za redio. Msikilizaji aliyezinasa kutoka hewani, sebuleni kwake, na kikohozi cha mtoto kikasikika humo, huenda ndiye mwenye nakala ya pekee iliyo nje ya ofisi ile.

Wala hatuwatetei walimbikizaji. Wapo waliojaza kanda darini, penye joto, na upepo wa chumvi ukiingia usiku na mchana. Kuvu imekwisha kutanda, nao wanajisifu kuwa ni wahifadhi! Sidii ya mwimbaji wa kigeni iliyochapwa kwa mamilioni, mtu na aiuze au aigawe, hatuna huzuni nayo. Kilichorekodiwa kwa mkono wa mtu wetu ndicho kitangulizwe. Kinakiliwe sasa, angali yupo fundi wa kubadili mpira wa kinasa sauti, na angali hai bibi awezaye kusema: huyu ni fulani, hapa ni mahali fulani, mwaka ule wa mvua kubwa. Kanda isiyo na jina ni sauti ya mgeni. Nakala ziwekwe mahali pawili, na kanda yenyewe isitupwe baada ya kunakiliwa.

Hapa ndipo tunapotofautiana pia na vijana wenye bidii ya kunakili. Kunakili siko kutangaza. Wanawake walioimba uani katika harusi ile waliimba baina yao, milango imefungwa, na kuna utani humo uliokusudiwa masikio ya shoga zao tu. Kuitia kanda hiyo mtandaoni kwa jina la kuhifadhi urithi ni khiyana. Waliopo waulizwe, ambao hawapo, waulizwe watoto wao.

Watatuuliza wengine: vipi jarida kama hili lijishughulishe na nyimbo? Hukumu ya nyimbo na ala ina mlango wake, nasi hatuufungui leo. Tunalosema ni kwamba alichokiacha marehemu ni cha warithi wote, na mmoja wao hana mamlaka ya kukitupa kwa kuwa yeye hakioni thamani. Katika nyumba ile hakuna aliyeulizwa, hata yule dada ambaye harusi ni yake, naye yu hai.

Tulipata idhini, tukarejea jioni na gari. Tulikuta masanduku mawili.