TAHARIRI: WALIOUMIA SHAMBANI NAO WAHESABIWE



Mwaka 1972, hapa hapa Iringa, chama cha TANU kilitoa mwongozo wa Siasa ni Kilimo. Tangu siku hizo sisi wakulima tumezoea kuhesabiwa. Zinahesabiwa ekari, mifuko ya mbolea, magunia ya mahindi na matenga ya nyanya. Lakini hesabu moja haiulizwi katika mikutano yetu: je, msimu huu ni wangapi wameumia shambani?

Tusidanganyane jamani, ajali zipo. Jembe linateleza linakata mguu. Panga linamrudia mwenyewe wakati wa kufyeka mfereji. Ng'ombe wa plau anapiga teke. Mkanda wa mashine ya kupukuchulia unavuta shati, na mkono unafuata. Nyoka yupo kwenye majani ya bondeni. Shirika la Kazi Duniani linasema kilimo ni mojawapo ya kazi tatu zenye hatari kubwa, pamoja na migodi na ujenzi.

Kwa nini basi hatuna hesabu? Kwanza, mtu akiumia tunasema "bahati mbaya", tunamfunga kitambaa, yamekwisha. Wengine hawaendi zahanati kwa kuogopa kuulizwa PF3. Pili, ile sumu ya nyanya tumeipa jina la dawa. Mtu anapuliza tangu asubuhi bila glavu wala kitambaa puani, bomba linavuja mgongoni, jioni kichwa kinamgonga na anatapika. Yeye husema ni malaria, au jua lilikuwa kali. Mganga naye, asipoambiwa kwamba mgonjwa ametoka kupuliza, ataandika nini?

Serikali ina utaratibu wake. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao hupokea taarifa za ajali hata kwa njia ya intaneti. Huo ni utaratibu mzuri, lakini umejengwa juu ya mwajiri. Mchuma chai wa Mufindi ana mwajiri wa kumtolea taarifa. Je, mama anayelima bustani yake mwenyewe kando ya Ruaha Ndogo, mwajiri wake ni nani? Huyo akikatika kidole, hayumo katika hesabu hiyo. Na ninyi mnaoajiri watu katika mashamba yenu, msijifiche nyuma ya neno "kibarua". Mtu wenu akiumia, taarifa ni juu yenu.

Wenzetu wa mbali wamejaribu njia nyingine. Huko Marekani, kituo cha tiba ya wakulima cha Marshfield, jimbo la Wisconsin, kilifungua mwaka 2015 orodha ya ajali za shambani katika intaneti, iitwayo AgInjuryNews. Walikusanya ajali zilizoandikwa magazetini, wakaziweka pahala pamoja ili yeyote azisome. Faida yake ni kwamba trekta zikionekana zinapinduka mara kwa mara, watu wanajua pa kuanzia kuzuia. Lakini orodha ya namna ile hutegemea magazeti. Sasa sisi, ni gazeti gani litaandika kwamba mtu wa Kalenga kakatwa na panga mferejini? Gazeti letu ni hili la ukutani.

Kwa hiyo tunapendekeza ushirika uwe na Daftari la Ajali, likae kwa katibu. Kila anayeumia, au jirani yake, aje aandikishe mambo haya:

1. Siku na mahali.
2. Kazi aliyokuwa akifanya, na chombo au sumu aliyokuwa akitumia.
3. Ilitokeaje.
4. Ni mkubwa au mtoto.
5. Alitibiwa wapi, na siku ngapi hakufanya kazi.

Jina lisiandikwe. Hatutafuti mtu wa kumcheka wala wa kumshitaki. Kila mwisho wa msimu jumla ibandikwe hapa ukutani, isomwe katika mkutano wa kijiji, na nakala wapewe mganga, bwana shamba na ofisi ya kata. Vijana wenye simu za intaneti wasaidie kuipeleka wilayani.

Wapo watakaosema, "Daftari haliponyi kidonda." Ni kweli, haliponyi. Lakini tukienda kuomba glavu kwa bei ya ushirika, au kinga ya chuma kwenye mkanda wa mashine, au gari la kubebea wagonjwa, tutaulizwa: mmeumia wangapi? Tukijibu "wengi", tutarudi mikono mitupu. Tukifungua daftari tukasema wangapi, lini, na kwa chombo gani, hapo tutasikilizwa. Na hata kabla ya kuomba kwa mtu, tutajiona wenyewe. Kama waliodhurika na sumu ni wengi kuliko walioumizwa na panga, basi tutajua mafunzo yaanzie wapi.

Mkutano ujao wa ushirika ulijadili jambo hili na kulikata. Gunia linahesabiwa kwa sababu lina thamani. Na mkono uliolijaza je?

Kilimo ni kazi, na kazi ni mtu mzima wa afya.