Makofi kwa Vanessa, je Juno?

Jamani, nimeirudia Juno, ile filamu ya 2007. Ubishi wetu huwa ni kuhusu Juno mwenyewe, binti wa miaka 16: alifanya vema kutoka kliniki bila kutoa mimba, au la?

Mimi namtazama Vanessa. Mumewe, Mark, anamkimbia kabla mtoto hajazaliwa, naye anamchukua mtoto hivyohivyo, peke yake. Sote tunapiga makofi.

Je, Juno angeamua kumlea mwenyewe? Thubutu! Tungesema kajiharibia maisha. Sawa, ni mwanafunzi. Ila tukubali kwamba tunachompongezea Vanessa ni umri na nyumba nzuri, halafu tunakiita maadili. Au nyie mwasemaje?