Marafiki wa Makoloni Walikuwa Marafiki wa Nani?

Kila tunapofikia sura ya Mapinduzi ya Marekani, napokea insha zinazowasifu William Pitt na Edmund Burke kuwa watetezi wa wanyonge ndani ya Bunge la Uingereza. Sikatai kwamba waliyatetea makoloni, tena kwa ufasaha. Ninachokipinga ni jina la rafiki kutolewa kabla ya kuuliza rafiki huyo alitaka nini.

Sheria ya Stempu ya 1765 iliyatoza makoloni kodi juu ya hati za mahakama, magazeti, leseni, hata karata za kuchezea. Mwezi Januari 1766 Pitt alisimama bungeni akatamka kwamba anafurahi kuona Marekani imekataa. Maneno hayo hunukuliwa kila mahali. Yasiyonukuliwa ni yale ya hotuba iyo hiyo, alipotaka mamlaka ya Uingereza juu ya makoloni yathibitishwe kwa nguvu zote: kuifunga biashara yao, kuvibana viwanda vyao, kufanya lolote isipokuwa kuchukua fedha mifukoni mwao bila ridhaa yao. Huo ndio urafiki wenyewe.

Sheria ile ilifutwa, ni kweli, lakini si kwa hotuba peke yake. Wamarekani walisusia bidhaa za Uingereza, na wafanyabiashara wa London, Bristol na Liverpool wakamiminika bungeni na maombi yao, kwa kuwa hasara ilikuwa yao. Kisha, tarehe 18 Machi 1766, siku ile ile ya kufutwa kwake, ikapitishwa sheria nyingine iliyotamka kwamba Bunge lina uwezo wa kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo. Zote mbili zilikuwa kazi ya serikali ya Rockingham, kambi ya Burke. Mkono mmoja ulifungua kamba na wa pili ukaikunja vizuri kwa matumizi ya baadaye. Katika Baraza la Malodi, Camden alikuwa miongoni mwa wachache mno walioipinga.

Kamba haikukaa sana. Mwaka 1767 Charles Townshend alitoza ushuru juu ya kioo, karatasi, rangi, risasi na chai. Alikuwa waziri wa fedha katika serikali ya nani? Ya Pitt huyo huyo, ambaye sasa alikuwa lodi na mgonjwa.

Watu huniambia kwamba Burke alikuwa tofauti. Tarehe 22 Machi 1775 aliomba suluhu kwa hotuba ndefu na nzuri, na Bunge likamshinda kwa kura 270 dhidi ya 78. Lakini someni hoja yake: aliliweka kando swali la haki ya kutoza kodi, akauliza tu kama kuitumia kuna faida. Hiyo ni busara ya mtawala. Tena alikuwa mbunge wa Bristol, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watumwa. Uhuru uliokuwa ukijadiliwa haukuwahusu watu waliopakiwa melini.

Aliyethubutu kusema kwamba hakuna jamii yenye haki ya kuitawala nyingine hakuwa mbunge hata kidogo. Alikuwa mhubiri, Richard Price, katika kijitabu chake cha 1776.

Nawaandikia hasa ninyi wanaharakati mnaoshika njia kwenda kutafuta sauti ya huruma katika mabunge ya mbali. Itafuteni; huruma ya mwenye kura ina thamani yake, na kufutwa kwa ile sheria ya stempu ni ushahidi. Ila kabla ya kumshukuru mtu kwa hotuba, ombeni kumbukumbu ya kura zake zote, pamoja na zile za siku ambazo hakuna aliyekuwa akiwatazama.

Pitt alifika Baraza la Malodi kwa mara ya mwisho tarehe 7 Aprili 1778, akiwa amedhoofika hata kushikiliwa. Alikwenda kupinga makoloni yasipewe uhuru wao. Alianguka humo barazani, akafariki tarehe 11 Mei.