Moyo wa mwanamke usipimwe kwa kipimo cha mwanamume

KWA miaka mingi ugonjwa wa moyo ulihesabiwa kuwa ni maradhi ya wanaume wa makamo. Dhana hiyo haikuishia mitaani, bali iliingia pia katika utafiti na wodi za hospitali.

Mfano ulio wazi unatoka Marekani. Utafiti kuhusu aspirini uliochapishwa mwaka 1989 uliwahusisha madaktari 22,071, wote wanaume. Ilibainika kuwa dawa hiyo ilipunguza hatari ya kupata mshtuko wa kwanza wa moyo kwa asilimia 44. Je, na wanawake? Jibu lilichelewa hadi mwaka 2005, baada ya wanawake karibu 40,000 kufuatiliwa kwa takriban miaka 10. Kwao aspirini ilipunguza kiharusi kwa asilimia 17, lakini kwa jumla haikuzuia mshtuko wa kwanza wa moyo. Nafuu hiyo ilionekana kwa wenye miaka 65 na zaidi tu.

Mwaka 1991, Dk. Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, aliandika kuwa mwanamke hupewa tiba sawa pale tu anapothibitika kuugua kama mwanamume. Miaka miwili baadaye, sheria ilizitaka taasisi hizo kuhakikisha wanawake wanahusishwa katika utafiti wa tiba unaogharimiwa nazo.

Hata hivyo, sheria haibadilishi mazoea kwa siku moja. Ni kweli kwamba maumivu ya kifua ndiyo dalili kuu kwa jinsia zote. Lakini wanawake, zaidi ya wanaume, huweza pia kupatwa na uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, kuhema kwa shida, au maumivu ya mgongo na taya. Dalili hizo ni rahisi kudhaniwa kuwa kiungulia au wasiwasi, na kila saa inayopotea huua sehemu ya msuli wa moyo.

Wanawake kwa kawaida huanza kuugua takriban miaka 10 baada ya wanaume, hatari ikiongezeka baada ya ukomo wa hedhi. Kisukari na sigara huwadhuru zaidi. Aliyepata shinikizo la damu wakati wa ujauzito naye hubaki na hatari kubwa, hata miaka mingi baada ya kujifungua.

Kwa hiyo daktari anapompokea mwanamke mwenye dalili hizo, historia ya uzazi wake iulizwe, na kipimo cha moyo kifanyike mapema. Usawa katika tiba hauna maana ya kuwachukulia wote kuwa wanaume.